Nafasi ya Collocalia troglodytes katika Uainishaji wa Teleka wa Mapangoni

Collocalia troglodytes ni spishi ya teleka wadogo wanaopatikana katika visiwa vya Ufilipino pekee. Urefu wake ni takribani sentimita 9. Mgongo wake ni mweusi, tumbo ni jeupe, na juu kidogo ya mkia pana utepe mweupe unaomtofautisha na jamaa zake wa karibu. Licha ya udogo wake, ndege huyu ndiye aliyetia shakani kigezo kilichotegemewa kwa zaidi ya miaka 30 katika kuwagawa teleka wa mapangoni.

Jina la spishi lilitolewa na George Robert Gray mwaka 1845, miaka mitano baada ya yeye mwenyewe kuiasisi jenasi ya Collocalia. Kwa kuwa spishi hii haijahamishwa kutoka jenasi iliyowekwa hapo awali, jina la Gray huandikwa bila mabano: Collocalia troglodytes Gray, 1845. Hali ni tofauti kwa Collocalia esculenta (Linnaeus, 1758). Mabano hapo yanaonyesha kwamba Linnaeus alimweka ndege huyo katika jenasi nyingine, yaani Hirundo, ya mbayuwayu. Mchanganyo huo unaeleweka, kwani teleka na mbayuwayu wote wana mabawa marefu na hukamata wadudu wakiwa angani. Hata wasemaji wengi wa Kiswahili huwaita wote mbayuwayu. Hata hivyo, kufanana huko kumetokana na namna moja ya maisha, si ukoo mmoja, na teleka wana familia yao, Apodidae.

Neno troglodytes lina asili ya Kigiriki na humaanisha mkaazi wa mapangoni. Kisarufi ni nomino, hivyo umbo lake halibadiliki hata jenasi ikibadilika. Ifahamike pia kwamba jina la kisayansi halilazimiki kuwa maelezo sahihi. Esculenta maana yake ni ‘inayolika’, ilhali viota vinavyouzwa kwa ajili ya supu ni vya spishi nyingine, hasa Aerodramus fuciphagus, ambaye hujenga kwa mate yake yanayokauka. Kanuni za kimataifa hulinda jina lililotangulia, liwe linasadifu au la.

Ugumu halisi ulikuwa katika ngazi ya jenasi. Teleka wa mapangoni hufanana mno kwa rangi na umbo, kiasi kwamba sampuli za makumbusho hazikutosha kuwatenganisha. Wataalamu wakageukia tabia: aina ya kiota na uwezo wa kujiongoza gizani kwa mwangwi. Baadhi ya teleka hutoa milio mifupi ya kugonga, ambayo hata sikio la binadamu huisikia, kisha huutumia mwangwi wake kutambua kuta za pango. Katika miaka ya 1970 R. K. Brooke aliwaweka wenye uwezo huo katika Aerodramus, jenasi iliyopewa jina na Oberholser mwaka 1906, na kuwabakiza wasio nao katika Collocalia. Teleka mkubwa asiyetumia mwangwi alipewa jenasi yake, Hydrochous.

Mgawanyo huu ulivutia kwa wepesi wake, na mwanzoni ulipata nguvu. Uchunguzi wa jeni ya sitokromu b uliochapishwa mwaka 1996 na Lee na wenzake ulionyesha kwamba sifa za viota hazifuati nasaba kwa uaminifu, lakini mwangwi ulielekea kuifuata. Ndipo mwaka 2004 Price, Johnson na Clayton walipoeleza kwamba C. troglodytes naye hutoa milio ya mwangwi ndani ya pango. Kwa kigezo cha Brooke, ndege huyo alipaswa kuhamia Aerodramus. DNA yake, hata hivyo, ilimweka pamoja na Collocalia.

Hapa ndipo tofauti kati ya kutambua kundi na kulifafanua hudhihirika. Mwangwi ulisaidia kuyatambua makundi mawili ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kweli, lakini haukuwa ndio unaoyafanya yawe makundi. Kumhamisha ndege huyu kwa sababu ya milio yake kungekuwa kurudia kosa la Hirundo: kuiona tabia ya pamoja na kuidhania kuwa ukoo. Kwa hiyo jina la Gray limebaki lilivyo, na jenasi zote mbili zimebaki, ila sasa zinasimama juu ya nasaba. Ushahidi wa Hydrochous unaelekea upande huohuo, kwani kijenetiki yuko karibu na Aerodramus ingawa hatumii mwangwi.

Kilichosalia ni swali la kimageuzi. Huenda uwezo huo ulizuka mara mbili, katika Aerodramus na katika C. troglodytes, kila upande peke yake. Huenda pia babu wa wote alikuwa nao, kisha wazao wanaotaga karibu na midomo ya mapango, ambako mwanga hufika, wakaupoteza. Mti wa nasaba peke yake hauamui kati ya dhana hizi mbili. Ulinganisho wa viungo vya sauti na vya usikivu vya jenasi zote tatu ndio unaoweza kulipa swali hili uzito zaidi.