Wingi wa Samoni Si Kipimo cha Afya Yao

Mwaka 2009, Kanada ilitarajia samoni wekundu zaidi ya milioni 10 warudi Mto Fraser kutaga. Wakaja kama milioni 1.5. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen. Mwaka uliofuata wakarudi milioni 28 hivi, wakawapo waliosema hofu ilikuwa bure. Lakini mwaka 2020 hawakufika hata laki tatu. Hesabu ya msimu mmoja, iwe kubwa au ndogo, haitoshi kueleza afya ya samaki hawa. Cha kupima ni kama kila kizazi kinaacha warithi wa kutosha.

Samoni mwekundu huanguliwa kwenye changarawe ya mto, hukulia ziwani, kisha huenda baharini. Wengi hurudi wakiwa na miaka minne, wakataga na kufa. Hivyo wengi wa waliorudi 2010 walikuwa watoto wa samaki wa 2006. Waliorudi 2009 walikuwa ukoo mwingine. Ndiyo maana mtaalamu huuliza kila mzazi ameacha watoto wangapi waliorejea. Umri huusoma kwenye magamba, yenye miviringo kama ya shina la mti. Hupasua pia mizoga ya majike, kwa sababu aliyekufa na mayai tumboni alihesabiwa alipopita, ila hakuzaa. Maji yakizidi nyuzijoto 18, samaki huchoka upesi, na vifo vya namna hiyo huweza kuongezeka.

Jumla ya mto huficha mengi. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya neema ilitokana na makundi ya eneo la Mto Adams, ndani ya bonde la Fraser, huku kundi la Ziwa Cultus, katika bonde hilohilo, likiwa hatarini kutoweka. Samaki wa makundi hayo husafiri pamoja, na wavu hauchagui. Kweli, kupima kila kundi ni gharama, na mvuvi anahitaji uamuzi leo. Hata hivyo, sera ya Kanada ya 2005 kuhusu samoni wa asili ilikubali kwamba kundi lililojizoesha na maji yake kwa vizazi vingi likipotea, halirudishwi kwa urahisi. Wengine hutetea vituo vya kutotolesha vifaranga. Vituo hivyo huongeza hesabu, lakini vinaweza kuficha udhaifu wa samaki wa asili iwapo hawatenganishwi na wale wa vituoni. Kwa hiyo, kabla ya kufungua uvuvi, wenye mamlaka watangaze pamoja na jumla hali ya kundi dhaifu kuliko yote, na kiwango cha uvuvi kipangwe kulingana na hali hiyo.