Mbwa Mbele, Bunduki Nyuma

Katika baadhi ya majimbo ya magharibi mwa Marekani, puma huwindwa kwa mbwa waliovishwa kola za GPS. Mbwa humkimbiza mpaka apande mti. Mwindaji hufuata ishara, akamtungua mnyama asiye na pa kukimbilia. Watetezi husema njia hii humwezesha mwindaji kutambua jike na kumwacha. Lakini jike huwaacha watoto mafichoni anapokwenda kuwinda, hivyo kumkuta peke yake mtini hakuthibitishi kwamba hana wanaomtegemea. Wengine huhofia mifugo yao. Hata hivyo, California ilipopiga marufuku uwindaji wa puma kwa burudani mwaka 1990, iliendelea kutoa vibali vya kumwondoa anayeshambulia mifugo. Kwa hiyo kumlinda mfugaji hakuhitaji mchezo huu.