Maneno Manne ya Kompyuta Yanayotugharimu

Tukiwa katika mwaka wa kichungaji tulishuhudia jambo ambalo hatujalisahau. Karani wa parokia aliketi tangu asubuhi akiandika kwenye kompyuta majina ya watoto wa kipaimara, pamoja na ya wazazi na wasimamizi wao. Jioni umeme ukakatika. Uliporudi, hakukuwa na jina hata moja. Karani akaenda kwa fundi, akamwambia, "Memori ya mashine yangu haishiki kazi." Fundi akamuuzia memori kwa fedha zilizotoka kwenye michango ya waamini. Wiki mbili baadaye umeme ulikatika tena, na kazi ikapotea tena.

Hatumlaumu karani, wala fundi. Mmoja aliomba kwa neno alilolijua, na mwingine akauza alichoombwa. Shida ilikuwa kwamba neno moja, "memori", hutumika kwa vitu viwili tofauti. Maneno ya namna hiyo ni mengi katika mazungumzo yetu. Tunayapitia manne, kisha tutaongeza jambo moja kuhusu simu.

1. Sipiyu

Wengi wetu tukisema "sipiyu" tunamaanisha lile sanduku zima la kompyuta ya mezani. Kumbe sipiyu, au prosesa, ni kipande kidogo kinachotosha kiganjani, ambacho hufanya mahesabu yote ya kompyuta. Hukaa juu ya bodi mama, yaani ubao mkubwa unaounganisha sehemu zote, na huwekewa feni kwa sababu hupata joto kali.

Ndani ya sanduku hilo mna vitu vingine pia: pawa saplai inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa, ramu, na diski. Tofauti hii ina maana mfukoni. Kompyuta isipowaka kabisa, bila taa wala mlio wa feni, kagua kwanza waya na soketi, kisha shuku pawa saplai. Prosesa yenyewe huharibika mara chache. Kwa hiyo ukiambiwa "sipiyu imekufa", uliza kwa upole: ni sehemu ipi hasa?

2. Memori

Hapa ndipo karani wetu alipokwama. Fikiria meza ya kusomea na kabati la vitabu. Ramu ni meza: kazi unayoifanya sasa hivi imetandazwa juu yake. Diski ni kabati: kilichowekwa humo hubaki hata ukizima taa na kuondoka. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye ramu hufutika chote. Ndivyo ilivyoundwa, na haimaanishi kwamba ni mbovu. Hata ukiongeza ramu mara kumi, utakuwa umepata meza pana zaidi tu, ambayo nayo itafutika vilevile.

Alichohitaji karani ni kuhifadhi kazi yake, yaani kuitoa mezani na kuiweka kabatini. Katika programu nyingi za Windows unabonyeza Ctrl na S kwa pamoja. Fanya hivyo kila umalizapo aya au kila baada ya majina kumi. Zipo programu zinazojiwekea nakala ya dharura, lakini usizifanye kuwa tegemeo lako.

Utajuaje kipi kimepungua? Kompyuta ikiwa nzito pale unapofungua mambo mengi kwa wakati mmoja, huenda ramu ni ndogo. Ikikataa kupokea faili jipya kwa sababu hakuna nafasi, diski imejaa. Simu ni hivyohivyo: ukiona imeandikwa GB 4 na GB 64, namba ndogo ni ramu na kubwa ni nafasi ya kuhifadhia picha na mafaili. Memori kadi unayoichomeka huongeza hiyo ya pili.

Kuna jambo jingine kuhusu kabati: nalo huweza kuungua. Diski hufa na flashi hupotea. Kwa kumbukumbu muhimu kama daftari la ubatizo au la ndoa, fuata kanuni inayojulikana sana: nakala 3, katika aina 2 za vifaa, na 1 ikae nje ya jengo. Daftari la karatasi nalo lisitupwe. Ndilo lililomwokoa karani wetu mara zote mbili.

3. Mtandao

"Leo mtandao hakuna." Sentensi hii inaweza kumaanisha mambo matatu. La kwanza, simu haipati mawasiliano ya mnara. La pili, kifaa chako hakijaungana na waifai. La tatu, waifai ipo lakini intaneti haipo.

Hili la tatu huwachanganya wengi. Waifai ni njia fupi isiyo na waya kati ya kifaa chako na ruta iliyo ofisini. Intaneti huingia kwenye ruta hiyo kutoka nje, kwa waya au kwa laini ya simu. Bando likiisha au waya wa nje ukikatika, alama ya waifai bado itaonekana imejaa. Kuzima na kuwasha simu hakutasaidia. Kagua ruta na malipo. Lakini ikiwa wa karibu na ruta wanapata na wewe wa chumba cha mwisho hupati, tatizo ni umbali na kuta. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: yale ya 2.4 hufika mbali zaidi, na yale ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya kuta.

Tena, kasi hutangazwa kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Huduma ya megabiti 8 kwa sekunde hushusha takriban megabaiti 1 kwa sekunde. Faili la megabaiti 60 litachukua kama dakika nzima, na hapo hujaibiwa.

4. Wino

Printa zetu ni za aina mbili kuu. Moja hutumia wino wa maji unaorushwa kwenye karatasi kupitia vitundu vidogo sana. Nyingine, ya leza, hutumia tona, ambayo ni unga mkavu unaoyeyushwa kwa joto mpaka ukashika karatasi. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa ya moto.

Printa ya wino wa maji ikikaa likizo nzima bila kazi, vitundu hukauka na kuziba. Chapisha walau ukurasa mmoja kila wiki. Ya leza haina shida hiyo, na kwa ofisi inayotoa matangazo mengi ya rangi nyeusi kila Dominika, kwa kawaida gharama ya kila ukurasa huwa ndogo. Lakini hula umeme mwingi inapopasha joto, hivyo usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Maandishi yakifutika ukiyagusa kwa kidole, usikimbilie kununua tona. Mara nyingi ni kile kipashio cha joto kilichochoka.

Na simu je?

Tutofautishe laini na simu yenyewe. Laini hubeba namba yako. Simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Ni kwa namba hizo simu bandia zilizimwa hapa Tanzania mwezi Juni 2016. Piga *#06# uione, kisha iandike kwenye daftari nyumbani. Siku simu ikiibiwa, utaombwa namba hiyo, na wakati huo hutakuwa na simu ya kuitazamia.

Siku ukienda kwa fundi, usimpelekee jina la ugonjwa. Mweleze ulichokiona: mashine ilifanya nini, lini, na ulikuwa unafanya nini. Fundi mwema atakushukuru, na asiye mwema atajua kwamba hawezi kukuuzia meza wakati unahitaji kabati.