Jiko la Zamani Lageuzwa: Habari Kutoka Mtangawanda

Ndugu mkulima, ukiulizwa una ekari ngapi utajibu mara moja. Ukiulizwa una miembe mingapi utahesabu kwa vidole. Lakini ukiulizwa jiko la nyumbani kwako lina madirisha mangapi, je, utajibu bila ya kwenda kutazama? Mimi niliulizwa swali hilo mwezi wa Agosti na mama mmoja wa Mtangawanda, nikashindwa. Nilipofika nyumbani nilitazama, nikaona kuwa halina hata moja.

Mtangawanda ni bandari ndogo katika kisiwa cha Pate, upande unaotazama bara. Vyombo vitokavyo Lamu na Mokowe hupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na mkondo huo hauna kina. Maji yakitoka, chombo hungoja. Watu wengi waendao mji wa Pate huteremka gatini Mtangawanda, kisha hushika njia kwa mwendo wa kama saa moja kwa miguu. Nilikwenda huko na mizigo ya mbegu na daftari la ofisi. Kazi ilipokwisha, maji yalikuwa yametoka, na nahodha akasema tungoje mpaka alasiri. Nikaenda kupiga hodi katika nyumba moja ili niombe maji ya kunywa.

Mwenye nyumba ni mvuvi na mkata boriti, naye ana shamba la minazi na mahindi. Alinikaribisha barazani. Nikiwa nimeketi, niliona kwa upande wa uani bomba jembamba likitoa moshi juu ya paa la mabati, na moshi ule ukienda zake juu ya minazi. Nikamwuliza ni kitu gani. Akacheka, akamwita mkewe, akasema, "Habari za jiko muulize mwenyewe."

Zamani, alinieleza yule mama, jiko lao lilikuwa kibanda cha makuti kilichoegemea nyumba. Ndani yake mlikuwa na mafiga matatu chini, na juu ya mafiga uchaga wa miti uliowekwa mahindi na ng'onda. Kila kitu kilikuwa cheusi kwa masizi. Alipika ameinama, macho yakimtoka machozi, na mtoto mgongoni akikohoa. "Nalidhani kikohozi kile ni cha baridi ya kusi," alisema. "Lakini kaskazi ikaja, na mtoto akaendelea kukohoa."

Msomaji wangu, usidhani jambo hili ni la mama mmoja wa kisiwani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majikoni ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 hawakuwa wametimiza miaka mitano. Tukisikia hesabu kubwa namna hiyo huwa twaziacha zipite kama habari za mbali. Lakini moshi ni ule ule, na kifua cha mtoto wa Mpeketoni au Hindi si kigumu kuliko cha mtoto wa mahali pengine.

Tena kuna jambo la moto. Mwaka 2009 mji wa Faza, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, uliungua, na nyumba kwa mamia ziliteketea. Makuti makavu hayangoji mtu achote maji, na upepo ukivuma, moto huruka kutoka paa hadi paa. Watu wa Pate hawajasahau. Mama huyu aliniambia kwamba tangu mwaka ule kila cheche ilipopanda alikuwa akiinua macho kuitazama, hata chakula kikaungua.

Basi walianzaje? Walianza kwa kuliondoa jiko ubavuni mwa nyumba. Walilijenga peke yake, hatua kumi na tano mbali, upande wa magharibi. Nilipouliza kwa nini magharibi, bwana mwenyewe alinijibu kama baharia: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na kusi hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Upepo wowote kati ya hizo mbili ukivuma, moshi na cheche huenda mbali na nyumba wanamolala watoto. Sisi wenye mashamba ya skimu tuna nafasi kubwa kuliko watu wa Pate, lakini wangapi kati yetu tulifikiri habari za upepo tulipochagua mahali pa jiko? Ila tazama pia jirani yako wa magharibi. Usimpelekee yeye moshi ulioukataa wewe.

Jiko jipya lina upana wa futi 10 na kina cha futi 8. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zimepakwa chokaa nyeupe ndani, ili nuru iwe nyingi na uchafu uonekane. Madirisha ni mawili, nayo yamekabiliana, upepo uingie huku utokee kule, na meko hayakuwekwa katikati ya njia hiyo. Kati ya ukuta na paa wameacha nafasi ya futi moja ili joto litoke. Paa ni mabati matano ya mita 3. Mkulima wa bara asiye na matumbawe aweza kujenga kwa miti na udongo, na kazi itakuwa nzuri vile vile.

Lakini meko yenyewe yalijengwa mara mbili, na hapa pana somo. Mara ya kwanza yule bwana alichukua matumbawe yale yale ya ukuta, akayapanga, akaacha tundu la kuni na tundu la sufuria. Yalipendeza sana. Baada ya miezi michache mawe ya ndani yakaanza kumomonyoka kila sufuria ilipofurika na maji kuyamwagikia, na unga mweupe ukaonekana katika majivu. Mtu wa Pate hahitaji kufundishwa jinsi chokaa inavyopatikana: matumbawe hupangwa juu ya magogo, hutiwa moto mkali, yakawa chokaa. Naye alikuwa amejenga tanuri la chokaa jikoni mwake bila ya kujua!

Aliyewatoa katika shida ni mama yake bwana, bibi mzee sana, ambaye tangu mwanzo hakupenda mambo haya. Alisema chakula kisicho na moshi hakina ladha. Lakini alipoona meko yamebomoka aliwaonyesha tanuri lake la mikate ya mofa pale uani, akauliza, "Hili limejengwa kwa jiwe?" Ni la udongo, nalo limestahimili moto kwa miaka. Basi wakajenga upya kwa udongo. Waliona haya kidogo, maana walikuwa wametafuta maarifa mbali na yalikuwa mlangoni.

Ukitaka kujenga meko kama yale, chukua udongo wa kichuguu, uchanganye na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi. Usitumie mchanga wa pwani usiooshwa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Jaribu kwanza kwa kufanya tofali dogo, lianike kivulini. Likipasuka ongeza mchanga, likimeguka ongeza udongo. Jenga meko yafike kiunoni, mama asiiname. Acha mlango mdogo wa kuni, na sufuria ikae ndani ya tundu lake, kati yake na udongo pawe na nafasi ya kidole tu, moto uibembe sufuria badala ya kukimbia. Nyuma ya tundu la kwanza fanya la pili, joto linalopita lichemshe maji. Kisha ndipo bomba lianze. Yaache meko yakauke wiki mbili au tatu kabla ya kuwasha moto mkubwa. Watu wengi hushindwa kungoja, na meko yao hupasuka siku ya kwanza, halafu husema udongo haufai.

Bomba nalo lina sharti lake: lisipite katika makuti kamwe. Lipite katika bati, liinuke futi 3 juu ya paa, na liwe na kofia ya kuzuia mvua. Kila mwezi lipigwe na kufagiliwa masizi, maana bomba lililoziba hurudisha moshi wote ndani. Ikiwa jiko lako ni la makuti na fedha za mabati hazijapatikana, acha habari za bomba. Toboa madirisha, inua paa, jenga meko ya udongo bila ya bomba. Hata hayo yatapunguza kuni na cheche.

Meko ya namna hii si jambo geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kueneza jiko la kuni lenye chungu cha udongo uliochomwa, likaitwa jiko la Maendeleo, na wengine wakaliita Jiko Kisasa, na baadaye Upesi. Vikundi vya akina mama wa magharibi ya Kenya walifinyanga vyungu hivyo na kuviuza. Ukikipata chungu kama hicho, kijengee udongo pembeni, na kazi yako itakuwa nyepesi.

Kwa habari ya kuni, mama wa Mtangawanda asema mzigo uliokuwa ukimtosha siku tatu sasa wamtosha siku tano. Si neno dogo kwa watu wa visiwani. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na Februari 2018 Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, wakata boriti walikaa bila ya kazi. Sisi tulio bara twajiona tuna vichaka tele, lakini waulize wake zetu walikuwa wakitembea mwendo gani kutafuta kuni miaka kumi iliyopita, na leo wanatembea mwendo gani. Magunzi ya mahindi, vifuu na mabua ya simsim yaliyokauka barabara ni kuni nzuri. Gesi ni bora kuliko yote kwa usafi, na mwenye uwezo aitumie. Lakini nimeona mitungi mingi imekaa mitupu chini ya vitanda ikingojea mavuno.

Sasa yanipasa kusema neno la ofisi ya kilimo, ambalo wafundishaji wa majiko hulisahau. Ule moshi wa zamani ulikuwa na kazi. Ulikausha mahindi uchagani na kuwafukuza fukusi. Mama huyu alipoutoa moshi, aliyaacha mahindi juu ya meko kama desturi, na mwaka wa kwanza yakaliwa kabla ya miezi minne kwisha. Bibi mzee alisema, "Niliwaambia." Na kweli aliwaambia.

Kwa hiyo siku unayoutoa moshi jikoni, yatoe na mahindi. Yapukuchue, uyaanike juu ya turubai mpaka yakauke. Kuyajaribu, tia konzi ya mahindi katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise sana. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Yakikauka yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, na wadudu waliomo watakufa kwa kukosa pumzi, hata dumuzi, ambaye alionekana Kenya mara ya kwanza huko Taveta mwaka 1983. Lakini usifunge mahindi mabichi humo. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu katika mahindi yaliyowekwa na unyevu.

Faida moja hawakuitazamia. Pate haina maji mengi matamu, na watu hutegemea majabia yakusanyayo mvua. Paa la jiko lile lina kiasi cha mita 11 za mraba, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 huwapa madebe kumi ya lita 20. Maji ya kwanza huyamwaga kwa sababu ya masizi.

Bwana mkulima, najua utasema jiko ni kazi ya mke. Lakini fedha za pamba na simsim hukaa mfukoni mwa nani? Yule bwana wa Mtangawanda aliniambia kwamba alinunua bati moja moja kila alipouza samaki, na ilimchukua misimu miwili. Hakukopa. Mimi nilisomea ualimu, nikawafundisha watoto wa watu usafi wa nyumba ubaoni kwa chaki, na kwa miaka minane mke wangu amepika katika banda lenye mlango mmoja tu. Niliona aibu kumjibu yule mama.

Maji yalipojaa tuliondoka. Nilipofika nyumbani nilichukua kamba nikapima banda letu, na mke wangu akaniuliza napima kaburi la nani. Nilipomweleza hakusema kitu, akaenda kuleta panga ili tutoboe ukuta siku ile ile. Dirisha moja liko tayari, upande wa magharibi. La pili na mabati yanangojea simsim iuzwe. Magunia manne ya mahindi yametoka jikoni yakaingia chumba chetu cha kulala, na kitanda imebidi kusogezwa ukutani.