Ukipiga Windows, Mafaili Yanakwenda Wapi?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, meza za mafundi zimejaa laptopu zinazosubiri "kupigwa Windows". Mwenye laptopu huuliza jambo moja tu: picha zangu je? Fundi, ambaye ana nyingine sita za kumaliza kabla ya magharibi, hujibu kuwa zitapotea. Jibu hilo linamrahisishia kazi yeye, si wewe.

"Windows ikipigwa upya, kila kitu hufutika."

Si kweli. Kinachofuta ni kufomati, na kufomati ni hatua ya kuchagua. Ndani ya mipangilio ya Windows 10 na 11 mna sehemu ya kuiweka kompyuta upya, na hapo unaulizwa kabisa: mafaili yabaki au yaondoke? Hata anayetumia flashi anaweza kuiweka Windows mpya kwenye C bila kuifomati. Ile ya zamani, pamoja na mafaili ya watumiaji, husogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Ingia humo, fungua Users, kisha jina lako, utakuta picha zako zimetulia. Zihamishe upesi. Kwa waliopandisha toleo, Windows huifuta folda hiyo yenyewe siku 10 zikipita.

"Mafaili yakibaki, programu nazo hubaki."

Inategemea umeingilia mlango gani. Ukiiweka upya kupitia mipangilio, mafaili yanabaki lakini programu ulizoongeza mwenyewe zinaondoka. Ukichomeka flashi Windows ikiwa imewaka, ukaendesha usakinishaji kutoka humohumo, unaweza kubakiza vyote viwili. Ukiiwasha kompyuta kwa flashi hiyohiyo, nafasi hiyo hupewi. Kwa hiyo kama mashine bado inawaka, hata kwa kujikokota, usikubali haraka iwashwe kwa flashi.

"Vitu vyangu viko D, niko salama."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki imeliza wengi. Mara nyingi D si diski ya pili, ni chumba kingine katika nyumba ileile. Fundi akifika kwenye skrini ya kugawa diski, akafuta sehemu zote ili "aanze na usafi", D inakwenda na C.

Halafu kuna Desktop. Kwa sababu tunaiona mbele ya macho, tunadhani iko mahali pake peke yake, juu ya yote. Desktop ni folda ya kawaida iliyomo ndani ya C. Mimi nilikuwa nimehifadhi hapo orodha ya michango ya harusi ya mdogo wangu. Nikamwambia fundi kwa kujiamini kwamba vyangu vyote viko D, akafomati C. Waliokwisha kutoa tuliwapata kwa kupekua meseji za miamala za mweka hazina. Walioahidi, ajabu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka ahadi yake.

Na ukinakili Desktop kwenye flashi, tazama alama zenye kamshale pembeni. Hizo ni njia za mkato tu, zinazoelekeza kwenye faili lililoko kwingine. Utaondoka na flashi yenye majina matupu.

"Kilichofomatiwa hakirudi."

Kwa diski za zamani zinazozunguka, mara nyingi si kweli: kufomati kwa haraka hufuta orodha ya vilivyomo, si vitu vyenyewe, na programu za kurejesha huweza kuviokota mradi hujaandika vipya juu yake. Zima mashine, usiendelee kuitumia. Kwa SSD matumaini ni madogo sana, kwani diski hizo huambiwa mara moja ni nafasi zipi hazitumiki tena, nazo huzisafisha zenyewe.

"Ni lazima ununue leseni nyingine."

Si kweli, kama Windows yako ilikuwa halali na toleo ni lilelile. Leseni za siku hizi hutambua mashine.

"Mafaili yanaweza kuwepo yote, na bado usiyafungue."

Kweli, na hili ndilo ninaloliogopa kuliko kufomati. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa kufuli la siri, BitLocker, bila mwenyewe kujua. Siku moja, baada ya matengenezo, skrini ya buluu inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine. Sasa kumbuka ni nani aliyekuandalia. Fundi akiingia kwa akaunti yake ili amalize upesi, ufunguo wa diski yako uko kwake. Kabla hujamlipa, mwombe aiondoe akaunti hiyo uingie kwa yako, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba zile tarakimu zimo.