Siki ya Tende ya Kujitengenezea Nyumbani

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi ambao starehe yao baada ya kazi ni kujipikia pombe nyumbani. Uingereza iliondoa leseni ya kazi hiyo mwaka wa 1963, na Marekani ikairuhusu kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka wa 1978. Ukiwasikiliza wakieleza, utaona kwamba kinachowafurahisha si kinywaji peke yake. Ni mtungi unaochemka bila moto, ni harufu inayobadilika kila siku, ni kule kungoja. Sisi tulioharamishiwa kinywaji hicho, furaha hiyo haikutupita. Iko katika kutengeneza siki.

Mimi natumia tende, hasa zile zinazobaki baada ya Ramadhani, zimekauka hata watoto hawazitaki. Kilo 1 ya tende naitoa kokwa, nairowesha usiku kucha katika lita 5 za maji ya vuguvugu, kisha naiponda kwa mkono na kuikamua katika kitambaa safi. Maji yake nayatia katika chupa kubwa ya kioo au mtungi wa udongo. Sufuria haifai, kwani ukali wa siki hula madini. Mtungi usijazwe hadi mdomoni wala usizibwe kwa kifuniko. Ufunge kitambaa tu, maana siki inataka hewa lakini haitaki vijiinzi, navyo huisikia kutoka mtaa wa pili.

Siku ya tatu povu hupanda. Ukitega sikio utasikia sauti ndogo kama ya manyunyu juu ya makuti. Hiyo ni hamira ikila sukari ya tende na kuigeuza kileo. Siku ya tano harufu hufika barazani. Ami yangu, aliyekuwa amepita kunijulia hali, alisimama mlangoni akauliza, "Wewe mwana, nyumba hii imeingia mgema?" Nikamwambia, "La, ami, ni siki." Akaketi, akanywa kahawa yake, kisha akasema, "Basi ukishaufunga huo mtungi, usitie kitu tena."

Neno hilo la ami ndilo roho ya kazi yote. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kama ilivyoelezwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ulevi ukigeuka siki wenyewe hutahirika, hata kama mtungi ulihamishwa kutoka juani hadi kivulini. Lakini ukitiwa kitu ili ugeuke, kama kitunguu au mkate, hautahiriki. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inasema kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kuugeuza ulevi kuwa siki, akakataza. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanaruhusu. Ama siki yenyewe, Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Na nia ina uzito wake: aliyekamua kwa ajili ya siki si sawa na aliyekamua apate kunywa.

Kwa hiyo katikati ya safari sionji hata tone, na kikimwagika naosha kama ninavyoosha najisi nyingine. Pua inatosha.

Baada ya wiki 2 hivi mchemko hutulia. Hapo huingia wafanyakazi wengine, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa msaada wa hewa hukigeuza kileo kuwa ukali wa siki. Mfaransa Louis Pasteur aliichunguza kazi yao katika miaka ya 1860. Hupenda joto la kadiri ya digrii 25 hadi 30, na joto hilo Mombasa tunalo bure. Juu hutanda utando wa utelezi ambao Waarabu huuita mama wa siki. Mgeni wa kazi hii huuona akadhani mambo yameharibika, akamwaga. Asimwage! Cha kutupa ni kile kilichoota ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi.

Miezi 2 ikipita, pengine 3, harufu ya ulevi huwa imeondoka yote, na ukali hupanda puani hata macho yakalenga machozi. Ndipo naonja. Rangi yake ni kahawia, na ndani mna utamu wa mbali ambao siki nyeupe ya dukani haina. Katika kachumbari ya vitunguu na pilipili, pembeni mwa samaki wa kukaanga, sijui mfano wake. Lakini achari ya kuwekwa miezi naitilia siki ya dukani, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa, mara nyingi asilimia 5. Ya mtungini sina kipimo chake, na achari iliyopungukiwa na ukali si ya kuchezea.

Sasa ni msimu wa maembe, nami nimejaribu mtungi wa dodo, uko chini ya ngazi. Maji yake ni mazito kuliko ya tende na povu lake lilikuwa jingi zaidi. Ni wiki ya tatu, utando haujatanda bado.