Kalamu ya Ofisini Iliyowafikia Wananchi

Mengi yenye manufaa huandikwa katika ofisi za serikali, lakini aghalabu huishia majaladani. Mtaalamu huenda baharini, akapima, akahesabu, kisha akaandika ripoti. Ripoti hiyo hupigwa muhuri na kufungiwa kabatini, na mvuvi asijue lililosemwa juu ya bahari anayoitegemea kwa riziki yake. Kwa sababu hiyo yafaa tuyatazame maisha ya mtumishi mmoja wa serikali ya Marekani, Bibi Rachel Carson, ambaye hakukubali elimu yake ifungwe namna hiyo.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Pennsylvania. Alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1932 akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Baba yake alifariki mwaka 1935, na mwaka huo huo akaanza kuiandikia Idara ya Uvuvi vipindi vya redio juu ya viumbe vya baharini. Mkuu wake wa kazi aliposoma insha yake moja, aliiona kuwa ni bora mno kwa kijitabu cha idara, akamshauri aipeleke kwa jarida la Atlantic Monthly, nalo likaichapisha mwaka 1937. Mkuu mwingine angaliweza kuitia katika jalada, na mambo yangalikwisha hapo.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1941, muda mfupi kabla ya Marekani kuingia vitani, nacho kilinunuliwa na wachache. Hata hivyo hakuiweka kalamu chini. Mwaka 1951 alitoa The Sea Around Us, yaani Bahari Inayotuzunguka. Kitabu hicho kilidumu wiki 86 katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi, na mwaka 1952 kikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu. Mwaka huo huo aliacha kazi ya serikali ili aishi kwa uandishi.

Mafanikio hayo hayakutokana na kuipunguza elimu. Alieleza mikondo, mawimbi, na kujaa na kupwa kwa maji kwa ukamilifu, lakini kwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu aliweza kuifuata.

Imani aliyoipata kwa wasomaji ilimfaa mwaka 1962, alipotoa Silent Spring, kitabu kilichoonya juu ya madhara ya DDT na dawa nyingine za kuulia wadudu. Watengenezaji wa dawa hizo walimshambulia vikali. Yeye hakudai dawa zote zikomeshwe, bali zitumiwe kwa hadhari na wananchi waambiwe ukweli. Mwaka 1963 kamati ya sayansi ya Rais Kennedy iliunga mkono hoja zake za msingi. Alifariki mwaka 1964 kwa maradhi ya saratani, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi ya DDT.

Visiwani kwetu, watu huishi kwa bahari na kwa shamba. Basi wataalamu wetu wa uvuvi, kilimo na afya na waandike kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wakuu wao wawape nafasi. Ripoti iliyolipiwa kwa fedha ya wananchi ni haki ya wananchi kuisoma.